"Ni Mafua Tu": Lini Ni Kweli, na Lini Kauli Hii Inatudanganya



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mpapura, huku kwetu Mtwara. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho salfa, na kila alfajiri tulikuwa tunaamshwa na ngurumo za mashine za kupulizia mashambani. Siku ya Jumatatu mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, alianza kupiga chafya. Jioni kamasi zikaanza kumtoka. Dada akaniuliza, "Frateri, unaonaje huyu mtoto?"

Wale mnaotoka vijijini mnajua hali ilivyo. Ukishaitwa frateri, unaulizwa kila kitu, kuanzia fumbo la Utatu Mtakatifu hadi kwa nini kuku wanakufa. Nami nikajibu kwa uhakika kabisa: "Ni mafua tu, yatapita." Bibi aliyekuwa ameketi barazani akaitikia, "Mafua hayo. Mtoto gani asiyeugua mafua?"

Jumatano dada alitoa chupa ya dawa iliyobaki nusu tangu ugonjwa wa mwezi wa tatu. "Mara ile alikuwa hivi hivi," alisema, "nikampa hii, akapona." Akampa kijiko. Mimi nilikuwepo, sikusema kitu.

Ijumaa jioni jirani yetu alipita kurudisha ungo. Ni mama ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kitongoji chetu. Alimtazama mtoto mapajani mwa dada, akaacha kuzungumza. Akaomba mtoto atulizwe, akampandisha fulana hadi kifuani, akachukua simu na kuweka saa ya dakika moja. Alihesabu kimya kimya. Dakika ilipokwisha akasema, "Hamsini na sita. Tafuteni bodaboda sasa hivi."

Ilikuwa nimonia, ambayo wazee wetu huiita kichomi. Mtoto alilazwa siku tatu, akapata matibabu, na kwa neema ya Mungu akapona. Leo anakimbiza kuku uani. Lakini mimi nilirudi seminarini na swali moja zito. Nasoma falsafa, na nimefaulu somo la mantiki. Ilikuwaje mtu aliyefundishwa kufikiri vizuri asione kile ambacho jirani yetu alikiona kwa dakika moja?

Mimi si mganga. Haya ninayoyaandika ni mambo ambayo wahudumu wa afya hutufundisha kila siku, nami nimeyapanga kwa namna iliyonisaidia mimi mwenyewe kuelewa. Yote yanazunguka ukweli mmoja: karibu mafua yote huisha yenyewe. Ukweli huo ni wa kutufariji, lakini pia huzaa makosa mawili ya kufikiri, na makosa hayo ndiyo yanayotuumiza.

Mafua ni nini hasa?

Mafua ni maambukizi ya pua na koo yanayosababishwa na virusi. Neno virusi linatokana na Kilatini, lugha ambayo mapadre wetu wa zamani waliifahamu vizuri, na maana yake ya asili ni sumu. Virusi vinavyoleta mafua ni vya makundi mengi. Kundi kubwa kuliko yote huitwa rinovirusi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya pua, na ndani ya kundi hilo peke yake kuna aina zaidi ya 150. Ndiyo maana mtu hamalizi mafua. Ukiugua aina moja, mwili hujifunza kupambana na hiyo, lakini bado kuna nyingine nyingi ambazo hujawahi kukutana nazo.

Rinovirusi hustawi vizuri zaidi katika joto la nyuzi 33 kuliko nyuzi 37 za ndani ya mwili. Pua, kwa kuwa hupitisha hewa ya nje, ina ubaridi kidogo kuliko tumbo au mapafu. Kwa hiyo virusi hivi hupenda kukaa puani.

Mtu akiambukizwa, dalili huanza baada ya siku moja hadi tatu. Kwanza koo huwasha, kisha hufuata chafya, kamasi nyepesi, pua kuziba na kikohozi. Siku ya pili na ya tatu ndizo huwa mbaya zaidi. Baada ya hapo hali huanza kupungua, na mtu mzima hupona ndani ya siku 7 hadi 10. Kikohozi kinaweza kuchelewa kuisha. Mtu mzima huugua mafua mara mbili au tatu kwa mwaka, na mtoto mdogo anaweza kuugua mara sita hadi nane, au zaidi. Bibi alikuwa na haki: hakuna mtoto asiyeugua mafua.

Jambo moja linalowachanganya wengi ni rangi ya kamasi. Zikigeuka njano au kijani, watu husema, "Sasa yameiva, anahitaji dawa kali." Sivyo. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopigana na virusi. Peke yake haina maana kwamba kuna ugonjwa mwingine.

Baridi, mvua na salfa

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mafua huletwa na kunyeshewa mvua au kukaa penye upepo. Huko Salisbury, Uingereza, kwa zaidi ya miaka 40 kuanzia 1946, kulikuwa na kituo cha kuchunguza mafua. Maelfu ya watu walijitolea kukaa pale kwa siku kadhaa, wengine wakitiwa matone ya virusi puani. Katika majaribio ya mwanzo, baadhi yao waliogeshwa, kisha wakaachwa wamelowa mahali penye upepo wa baridi. Hawakuugua zaidi ya wenzao waliokaa pakavu. Bila virusi, baridi peke yake haileti mafua. Mvua ikinyesha sisi hujifungia ndani, tukakaa karibu karibu na madirisha yamefungwa, na hapo ndipo virusi hupata njia ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kituo hicho pia kilikuwa miongoni mwa vilivyotambua virusi vya korona vya binadamu katika miaka ya 1960. Vile vya wakati ule vilileta mafua ya kawaida. Miaka mingi baadaye ndugu yao mmoja alituletea UVIKO-19. Basi tusiyadharau mafua hata tunapoyaita madogo.

Sisi wa Mtwara tuna jambo letu la ziada, nalo ni salfa. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita, wakulima hupuliza unga huo kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua. Upepo huubeba hadi majumbani. Watu hupiga chafya, macho huwasha na koo hukereketa, nao husema wana mafua. Siyo mafua. Huo ni mwasho, na hauambukizwi. Namna ya kutofautisha ni hii: mwasho wa salfa au vumbi huanza mara tu unapoingia kwenye vumbi hilo na hupungua ukiondoka, macho huwasha sana, hakuna homa. Mafua huja polepole, huanzia kooni, huendelea mchana na usiku popote ulipo, na mara nyingi watu kadhaa wa nyumba moja huyapata kwa kufuatana. Mwenye salfa afunge pua na mdomo, asimame upande unakotoka upepo, na asiwapeleke watoto shambani wakati wa kupuliza. Mwenye pumu awe mwangalifu zaidi, kwa maana kifua chake kinaweza kubana.

Kosa la kwanza: "Nilikunywa dawa hii, nikapona"

Katika mantiki tunajifunza kosa ambalo kwa Kilatini huitwa post hoc ergo propter hoc, yaani, kwa kuwa jambo la pili limekuja baada ya la kwanza, basi la kwanza ndilo lililolisababisha. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini hata ukimchinja jogoo, kesho kutakucha.

Sasa fikiria mafua. Siku ya pili na ya tatu mgonjwa yuko hoi. Hapo ndipo anapokwenda dukani kununua dawa. Siku ya nne anaanza kupata nafuu, siku ya saba amepona. Dawa yoyote aliyokunywa siku ya tatu itapewa sifa: vidonge vya rangi mbili, mwarobaini, limau, hata soda ya moto. Angekunywa maji matupu angepona siku ileile. Dada yangu alipotoa ile chupa alikuwa anasema kweli aliposema, "Nilimpa, akapona." Kilichokosekana ni ule ushahidi kwamba alipona kwa sababu ya dawa.

Dawa iliyokuwa ndani ya chupa ile ilikuwa antibayotiki. Antibayotiki huua bakteria. Virusi si bakteria, na antibayotiki haiwezi kuvifanya lolote. Kumpa mtu mwenye mafua amoksilini ni sawa na kwenda kuvua samaki kwa jembe. Jembe si baya, ila hiyo si kazi yake.

Hasara yake haiishii kwenye pesa. Dawa inaweza kuleta kuhara au vipele. Kubwa zaidi, kila tunapotumia antibayotiki bila sababu, au tunapokunywa nusu dozi na kuweka nyingine kabatini, bakteria waliomo mwilini wanaobaki hai ni wale wanaoweza kuistahimili. Hao huzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hili mapema, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945: dozi ndogo isiyotosha huwafundisha bakteria kuishi na dawa. Siku mtoto anapopata nimonia ya kweli na kuihitaji amoksilini, tunaweza kukuta tumeshaimaliza nguvu yake kwa mafua.

Si haki kuwalaumu wauza dawa peke yao. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, ili watu wa vijijini wapate dawa zenye ubora kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Lakini mara nyingi sisi wenyewe hatufiki pale kuuliza. Tunafika kuagiza: "Nipe rangi mbili za elfu moja." Tujifunze kueleza dalili na kuomba ushauri. Tukiambiwa, "Huyu hahitaji antibayotiki," tushukuru.

Kosa la pili: "Siku zote yanaisha yenyewe"

Hili ndilo lililokuwa kosa langu. Mafua kumi yaliyopita yaliisha bila shida. Basi haya ya kumi na moja yataisha vilevile. Hoja hii inaonekana nzuri, na mara nyingi jibu lake huwa sahihi. Udhaifu wake ni kwamba inaangalia mafua yaliyopita, haimwangalii mgonjwa aliye mbele yako. Ukishasema "ni mafua tu", unaacha kutazama. Jumatatu niliposema maneno yale nilikuwa sahihi, maana kwa dalili alizokuwa nazo yalikuwa mafua. Ijumaa hayakuwa tena mafua tu, nami bado nilikuwa naishi na jibu la Jumatatu.

Mafua yanaweza kufungua mlango kwa magonjwa mengine, hasa kwa watoto chini ya miaka 5, wazee, wajawazito, wenye pumu, wenye seli mundu, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nimonia ndilo hatari kubwa kwa watoto. Duniani kote, miongoni mwa magonjwa ya kuambukiza, ni kati ya yale yanayoua watoto wadogo wengi zaidi, na mara nyingi huanza kwa kikohozi na kamasi kama mafua mengine yoyote.

Kuna pia magonjwa yanayojificha nyuma ya jina la mafua. Huku kwetu pwani malaria ipo. Mtoto anaweza kuwa na kamasi na malaria kwa wakati mmoja, kwa hiyo kamasi zisitufanye tuipuuze homa. Kila homa ipimwe, na kipimo cha haraka cha malaria kipo hadi kwenye zahanati. Influenza, ambayo nayo tunaiita mafua, huanza kwa ghafla, kwa homa kali na mwili kuuma hadi mtu kushindwa kuinuka. Na mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa akipungua uzito au kutokwa jasho jingi usiku, akapime kifua kikuu. Vipimo na matibabu yake hutolewa bure.

Dakika moja ya kuhesabu

Kipimo alichotumia jirani yetu hakihitaji chombo chochote zaidi ya saa. Kila mzazi, kila katekista na kila kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo anaweza kujifunza.

Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Mpandishe nguo ili uone kifua na tumbo. Kupanda na kushuka mara moja ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima, usihesabu nusu na kuzidisha kwa mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio mmoja. Anapumua haraka kupita kiasi akifikisha:

- pumzi 60 au zaidi, kama ana umri chini ya miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, kama ana miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja;
- pumzi 40 au zaidi, kama ana mwaka mmoja hadi miaka 5.

Mtoto wetu alikuwa na pumzi 56, wakati kwa umri wake 40 tayari ni nyingi. Hakukuwa na cha kubishania.

Akifikisha idadi hiyo, mpeleke kituo cha huduma siku hiyohiyo. Usisubiri kabisa, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya: sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anatoa sauti ya kukoroma au kukwaruza akiwa ametulia, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au ni vigumu kumwamsha, midomo imekuwa ya bluu. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, au asiyenyonya vizuri, apelekwe hata kama hakuna dalili nyingine. Kwa mtu mzima, dalili za kuangalia ni kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, homa isiyoshuka kwa siku tatu, au mtu kupata nafuu kisha hali kubadilika na kuwa mbaya zaidi.

Namna ya kumtunza mwenye mafua

Kama dalili hizo hazipo, mgonjwa abaki nyumbani atunzwe. Mwili wake ndio utakaomponya, na kazi yetu ni kumpunguzia mateso.

Apumzike na anywe sana: maji, uji mwepesi, supu, madafu, chai ya tangawizi na limau. Vinywaji vya moto hulainisha koo na kufungua pua, ingawa haviui virusi. Mtoto anyonyeshwe mara kwa mara kuliko kawaida. Pua yake ikiziba hawezi kunyonya vizuri, kwa hiyo mwekee tone moja moja la maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo sana, kisha mfute kwa kitambaa laini. Mtu mzima asukutue koo kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja.

Asali hutuliza kikohozi. Nusu kijiko cha chai hadi kimoja kinatosha kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja. Chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya hatari kwa mtoto mchanga. Kwa homa na maumivu tumia parasetamo kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Watoto wasipewe aspirini. Wadogo wasipewe dawa za kikohozi na mafua za dukani bila ushauri wa mganga.

Na vitamini C? Haizuii watu wengi kupata mafua, ingawa wanaoitumia kila siku hupona mapema kidogo. Hakuna haja ya kununua vidonge. Huku kwetu mabibo huoza chini ya mikorosho baada ya korosho kukatwa, nayo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Tule matunda kwa sababu ni chakula chema, tusiyafanye tiba.

Mambo matatu tuyaache. La kwanza ni kukata kimeo. Bado wapo wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi cha muda mrefu kwa mtu wa kumkata kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata kunaweza kuleta kutokwa damu nyingi na maambukizi, na wakati huohuo ugonjwa wenyewe unaachwa bila tiba. La pili ni kumwekea mtoto mafuta ya aina yoyote ndani ya pua. Yanaweza kuingia mapafuni na kuyadhuru. La tatu ni kumfunika mtoto kwenye nyungu. Mtu mzima anayejifukiza kwa uangalifu anaweza kuhisi pua imefunguka, lakini mvuke hauui virusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi imeunguza wengi.

Kujikinga bwenini, kanisani na nyumbani

Sisi waseminari tunalala pamoja, tunakula pamoja, tunasali pamoja. Mmoja akianza Jumatatu, Jumapili kwaya nzima ina sauti ya chini. Virusi husafiri kwa matone ya chafya na kikohozi, na kwa mikono inayogusa pua kisha kugusa kitasa, kikombe au mkono wa mwenzake. Basi tufungue madirisha ya bweni hata usiku wa kusi. Tunawe mikono kwa sabuni, tukohoe kwenye kiwiko, na kila mtu awe na kikombe chake na leso yake.

Kanisani, mwenye mafua asione aibu kutotoa mkono wakati wa kutakiana amani. Wakati wa UVIKO-19 tulijifunza kuinamiana kwa heshima, na amani ilifika. Kumlinda mzee aliye kwenye benchi la mbele nako ni kumtakia amani.

Nyumbani, kinga kubwa ya mtoto dhidi ya nimonia ni kunyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kutokaa kwenye moshi wa kuni jikoni, na kukamilisha chanjo. Chanjo ya kuzuia bakteria wakuu wa nimonia imekuwa ikitolewa nchini tangu 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haizuii mafua, ila hupunguza uwezekano wa mafua kugeuka msiba. Angalia kadi ya kliniki leo.

Neno la mwisho

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliiweka busara kuwa kiongozi wa fadhila nyingine za kiutu, na kwake busara si kujua kanuni za jumla peke yake. Ni kuona vizuri jambo mahususi lililo mbele yako na kutenda kwa wakati wake. Mimi nilikuwa na kanuni ya jumla, nayo ilikuwa sahihi: mafua huisha. Jirani yetu alikuwa na mtoto mmoja, fulana iliyopandishwa, na dakika moja ya kutazama.

Kwa hiyo sikuombi, msomaji, uache kusema "ni mafua tu". Mara nyingi utakuwa sahihi, na utaokoa pesa na dawa. Naomba uiseme kauli hiyo kila siku upya, baada ya kumtazama mgonjwa, na usiitegemee ile uliyoisema jana. Na ukirudi likizo nyumbani ukaulizwa, "Frateri, unaonaje?", usijibu haraka kama mimi. Omba saa, mpandishe mtoto fulana, uhesabu.